Maji ya Juisi

Binti yangu alipofikisha miaka minne, niliipanga bathdei yake kwa akili: watoto sita wa nasari, keki ya sufuria na juisi ya unga. Mtaani kwetu Mashimoni maji yalikuwa yamepotea, nikapiga foleni tangu asubuhi kupata mtungi mmoja tu wa kukorogea juisi.

Dada yangu akafika kutoka Kawangware, akaubeba ule mtungi, akammwagia mtoto maji yote kichwani. "Si ni bathdei? Lazima amwagiwe!"

Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. Mila gani hii ya kumwagiana maji mahali hakuna maji? Wageni wangu walikuwa wanakabwa na keki kavu.

Binti yangu akaja akichuruzika, akakamua gauni lake juu ya kikombe.

"Mama, wacha kukasirika. Koroga juisi."