Lori la Namba ya Njano

Kaka yangu na mimi tulinunua lori kwa ng'ombe. Ng'ombe wake walikuwa wale aliorithi kwa baba. Wangu walikuwa wa mshahara: nilikuwa nikifua mashuka ya wagonjwa huko Kolandoto, na kila nilipoweza nilinunua ndama mnadani nikampeleka zizini kwa mama, Kishapu, akakue na kuzaa. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani na wanangu, nikakuta kundi langu limekuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Kaka ndiye aliyekuja na wazo. Pamba yetu ilikuwa inachelewa ghalani kila msimu kwa kukosa usafiri, na mpunga wa bondeni ulikuwa unatolewa kidogo kidogo kwa mkokoteni. Tuuze ng'ombe, akasema, tupate lori kuukuu lenye injini nzima, tuhangaike na shamba letu wenyewe.

Tulikwenda kulisajili Shinyanga mjini siku ya joto kali. Dirishani alikuwapo mama mmoja wa makamo, mpole, aliyesema polepole kama anayefundisha.

"Gari la biashara au la binafsi?"

"La shamba," kaka akajibu.

"Shamba la nani?"

"Letu. Mimi na mdogo wangu huyu."

"Basi ni binafsi. Mtapewa namba ya njano. Bebeni pamba yenu, mpunga wenu, mbolea yenu, hata kuni zenu. Ila mkibeba mzigo wa mtu mwingine kwa malipo, mmevunja sheria. Siku mkitaka kukodisha, njooni mbadilishe matumizi. Mtapata namba nyeupe na leseni ya usafirishaji." Akainua macho. "Jina la mmiliki?"

Kaka alikuwa na namba ya mlipakodi. Mimi sikuwa nayo. Yule mama akanieleza kwamba naweza kwenda kuomba, nirudi siku nyingine, kadi iandikwe majina yote mawili. Nikamtazama kaka. Alikuwa amechoka, shati limemganda mgongoni.

"Mdogo wangu, turudi tena kupanga foleni kwa ajili ya jina?" akasema. "Jina langu na lako si ni la baba mmoja? Aandike langu."

Nikasema sawa. Sikuhisi chochote. Tulitoka pale tukala chipsi tukicheka, kwa sababu muuzaji alidhani sisi ni mke na mume.

Kubandika namba hakukutosha. Lori zito linatakiwa liandikwe ubavuni: mmiliki, anwani, uzito wake likiwa tupu na uzito linaoruhusiwa kubeba. Linatakiwa pia liwe na zile karatasi zinazong'aa likimulikwa, nyekundu nyuma na nyeupe ubavuni. Tulimpelekea fundi rangi wa Mhunze. Alipouliza aandike jina gani mlangoni, kaka akasema, "Mlango wa kulia andika langu. Wa kushoto andika la dada."

Fundi akasita. "Kadi ina jina moja."

"Ni gari la familia," kaka akamjibu. "Andika."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiangalia jina langu likitoka herufi kwa herufi, jeupe juu ya rangi ya buluu. Nilikuwa sijawahi kuliona jina langu likiandikwa kubwa namna ile. Wanangu walipoliona walilisoma kwa sauti, mara nyingi, mpaka mama akawafukuza wakachunge.

Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa ile namba ya njano. Watu walikuja kuomba tuwabebee mizigo, wengine jamaa wa karibu, nami nikawa nakataa. Kuna jirani yangu mmoja tuliyeimba naye kwaya tangu usichana. Alikuja asubuhi na jogoo mkononi, pamba yake imejaa nyumba, mawingu yameanza kujikusanya.

"Mwangaluka," akanisalimu. "Nisaidie safari moja tu. Nitakulipa pamba ikinunuliwa."

"Namba ni ya njano," nikamwambia. "Tukikamatwa, lori litazuiwa."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Mvua ilimwahi. Pamba yake iliingia uchafu, ikashushwa daraja. Hakunitukana, lakini kanisani akahamia upande mwingine wa kwaya, na salamu zake zikawa fupi. Nilipomsimulia kaka, alinipigapiga begani. "Umefanya vizuri," akasema. "Wewe ndiye unayelinda mali yetu." Nilifarijika kwa maneno yale kwa muda mrefu.

Msimu uliofuata, kabla hatujaanza kusomba pamba, kaka alisema giaboksi inalia, analipeleka lori kwa fundi Kahama. Wiki zikapita. Nikipiga simu, mara fundi amesafiri, mara kifaa kinasubiriwa kutoka Mwanza. Baadaye simu ikawa haipokelewi. Pamba ilikuwa imejaa chumba ambacho wanangu walilala. Walikuwa wanaamka na nyuzi kwenye nywele. Nikapanda basi kwenda Kahama.

Fundi alinikumbuka, kwa kuwa ndiye aliyelikagua lori tulipolinunua. Alikuwa amelala chini ya gari, akatoka akifuta mikono.

"Lori lenu?" akasema. "Mbona liliondoka zamani, mama. Giaboksi ilikuwa nzima. Tulibadilisha springi tu, tukaweka zile ngumu za kubebea mawe."

"Mawe gani?"

"Ya dhahabu. Si linafanya kazi Geita? Linatoa mawe kwenye maduara ya wachimbaji linapeleka karasha yakasagwe. Siku nyingine linashuka Kagongwa kubeba mchele wa wachimbaji." Akanitazama usoni, na hapo akaelewa kwamba sikuwa najua. "Labda kaka yako alikusudia kukuambia," akasema, akarudi chini ya gari.

Nilishuka Kagongwa nikatembea kwenye mashine za kukoboa mpunga, pale malori yanapopanga mstari. Nilizunguka hata jua likaanza kuzama. Nililitambua kwa mlango wa nyuma, ambao fundi seremala aliuchonga mimi mwenyewe nikimsimamia. Namba ilikuwa nyeupe. Bodi ilikuwa na vumbi la kijivu lililokamata kwenye mbao kama saruji. Nikazunguka upande wa kushoto. Mlango ulikuwa umepakwa rangi mpya, buluu ileile, na juu yake jina la kaka. Nikaupapasa. Chini ya rangi mpya, herufi zangu zilikuwa bado zimeinuka kidogo. Niliweza kulisoma jina langu kwa vidole.

Dereva, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, alitoka kwenye kibanda cha chakula.

"Unatafuta usafiri, mama?"

"Gari la nani hili?"

Akamtaja kaka yangu.

"Ana mwenzake?"

"Hapana, ni lake peke yake. Ni mtu mwenye bidii. Huwa anatusimulia kwamba mtaji alianza na ng'ombe wa mama yake."

Nilimwuliza kama ana maji ya kunywa. Akanipa chupa yake, akaniwekea gunia tupu nikae. Sikumwambia mimi ni nani.

Kesho yake nilimkuta mama uani akipepeta mtama. Kwa kawaida ningeshika ungo mwingine nikamsaidia. Nilibaki nimesimama.

"Mayu, ulijua kwamba lori limebadilishwa namba?"

Aliendelea kupepeta kidogo, akaweka ungo chini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajaenda kubadilisha. Alikuja kunieleza kwanza."

"Na jina langu mlangoni?"

"Aliniuliza na hilo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia alifute taratibu, usije ukaumia."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba alidanganywa kama mimi. Njia nzima kutoka Kagongwa nilikuwa nikimwonea huruma, nikifikiria nitakavyomweleza alichofanya mwanawe.

"Una watoto wa ukoo mwingine," akaendelea, kwa sauti ile anayotumia kunielekeza mambo ya shamba. "Wakikua watasema lori ni la mama yao. Lile ni jasho la baba yenu."

"Ng'ombe wangu niliwanunua kwa kufua, mayu. Ulikuwa unanipaka mafuta vidole vikipasuka kwa dawa ya mashuka."

"Nakumbuka," akasema. "Lakini walikula majani ya baba yako." Akachukua ungo wake.

Kaka alikuja Jumapili na sukari ya mama na kitenge changu. Hakukana. Alisema mashimo ya dhahabu hayasubiri, kwamba angeniuliza ningekataa kama nilivyomkatalia jirani yangu. Nilipomwuliza kuhusu mlango, akanijibu bila kukunja uso.

"Sheria, mdogo wangu. Jina la ubavuni lifanane na la kwenye kadi. Trafiki wa kule wakali. Wewe mwenyewe ndiye mtu wa sheria."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Kila alichokifanya kilikuwa kimefuata utaratibu. Amebadilisha matumizi, amelipia leseni, ameandika lori lake inavyotakiwa. Niliyekuwa nje ya utaratibu nilikuwa mimi.

"Na kuniambia," nikamwuliza, "sheria ilikukataza?"

Kitenge kikabaki juu ya kigoda mpaka alipoondoka nacho.

Nilimpeleka baraza la kata. Wazee wale walinisikiliza vizuri, siwezi kuwalaumu. Walisema kadi ni ya kaka, lakini nikithibitisha kwamba ng'ombe wangu waliuzwa kununua lori, kuna haki yangu ya kuzungumzwa. Ni nani aliyejua ng'ombe gani walikuwa wa nani? Mtu mmoja tu. Mama aliitwa, akaja amevaa kitenge cha kanisani, akaketi mbele. Mwenyekiti akamsalimu shikamoo, akamwuliza kwa adabu.

"Zizi lilikuwa moja," mama akajibu. "Mimi ni mzee. Siwezi kukumbuka yupi alikuwa wa nani."

Mama yangu alikuwa akiwajua ng'ombe wale kwa rangi na kwa pembe, kila mmoja na mama yake na bibi yake. Alikuwa akinipigia simu Kolandoto kunieleza yupi amezaa na ndama ana baka wapi. Nilimtazama muda wote aliokaa pale. Hakugeuka upande wangu. Alipomaliza kusema aliomba ruhusa aondoke, kwa sababu alikuwa ameacha maharage jikoni.

Pamba ya msimu ule ilitoka kwa mkokoteni wa kukodi, nikitembea nyuma yake. Nikajenga kibanda changu upande wa pili wa njia, nikahama na wanangu. Kaka ameongeza lori la pili. Tunasalimiana kwenye misiba.

Mwaka huu mama aliugua kifua, akalazwa Kolandoto. Nilimuuguza mimi, kwa sababu kaka alikuwa Geita na wake zake walikuwa na wagonjwa wao. Nilimwosha, nikampikia uji, nikamfulia. Hatukuzungumzia lori. Siku moja, nikimpaka mafuta miguuni, alisema, "Una mikono mizuri," akafumba macho. Nilingoja aendelee. Alikuwa amelala.

Aliporuhusiwa, kaka alikuja kumchukua na lori lilelile. Lilisimama nje ya geti, jipya kwa rangi, karatasi zake nyekundu na nyeupe zimebanduliwa zikabandikwa nyingine. Mama hakuweza kufikia ngazi ya kebini. Kaka alikuwa upande wa pili akifunga turubai, kwa hiyo nilimshika mama kiunoni nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno. Nikamweka kitini, nikampa fimbo yake na dawa zake, nikamwonyesha za asubuhi na za jioni.

"Wewe hupandi?" akauliza. "Nafasi ipo."

"Nitakuja na basi, mayu."

Akatazama mbele. Kaka akawasha injini. Nilivuka barabara nikaenda kusimama kituoni na watu wengine, na basi lilipokuja nikapata kiti cha nyuma.