Mgongo wa Gauni la Malkia

Kavata ana kibanda cha kushona nguo pale Gitothua, ukuta kwa ukuta na changu cha kushona viatu, kwa hivyo mambo yake nayajua hata asiponiambia. Mwaka jana wateja walimpotea. Akaahidi kuanza kazi katika kiwanda kimoja cha nguo Thika mwezi ukiisha, ashone kola tu kutwa nzima. Iliniuma, maana yule mwanamke ana mikono ya ufundi.

Siku moja alipokwenda Thika kununua vifungo, Daksha mwenye duka alimpa kadi za posta za marehemu baba mkwe wake, mzee Himatlal, aliyezikusanya kwa ajili ya stempu. Zilikuwa na picha za waigizaji wa jukwaani wa Urusi, wa zaidi ya miaka mia iliyopita: wanaume wenye ndevu za kubandika, wanawake waliovaa kimalkia. Kavata alizitundika kando ya bango la mitindo kwa kuzipenda tu.

Lakini kwetu, kilicho ukutani kwa fundi huwa ni cha kuagizwa. Akaja Magdalene, mkulima wa Theta, mama ambaye sherehe zote humkuta jikoni. Wageni wa ruracio ya bintiye, sherehe ya kuleta mahari, walikuwa waje mwezi huo huo. Akamnyooshea kidole mwigizaji mmoja.

"Nishonee hii."

"Mama, hiyo si style ya kushonwa. Huyo alikuwa anaact, na alishakufa."

"Kwani nimeuliza kama yuko hai? Siku hiyo siingii jikoni. Shona."

Nilicheka mpaka gundi ikanikaukia. Kavata hakucheka. Kadi ilionyesha mbele tu: kola ndefu, mikono iliyofura mabegani. Mgongo haukuonekana. Alikata, akafumua, akakata tena, hata akaniuliza mimi, fundi wa soli. Nikamwambia afanye anavyotaka. Akashona mikunjo iliyoteremka kutoka shingoni hadi kiunoni, na vifungo vidogo katikati.

Siku ya ruracio, Kavata nami tukiwa tumealikwa, Magdalene alitoka mbele ya wageni, akawasalimu wote bila haraka. Alipogeuka kwenda kuketi, wanawake wakaanza kunong'ona. Rachael, shangazi wa bwana harusi, akamvuta Kavata kando.

"Huo mgongo umetoa kwa picha gani? Nataka kama huo."

Kavata akautazama mgongo wa Magdalene.

"Hakuna picha," akasema. "Huo ni wangu."

Kiwandani hakwenda. Siku hizi hata redio siisikii vizuri, cherehani yake haitulii.