Gia ya Tano ya Hooyo

Mafuta ya giaboksi yana harufu mbaya, kama yai lililosahauliwa juani, lakini mimi nikiyanusa popote hupata njaa. Nyumbani kwetu Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, harufu hiyo haikuja peke yake. Ilichanganyika na moshi wa vijinga ambavyo Hooyo, mama yangu, alifukizia madumu ya maziwa ya ngamia ili yasichache upesi. Ua ulikuwa mmoja tu. Upande huu madumu yamepinduliwa juu ya moshi, upande ule Aabo, baba yangu, amelala chini ya gari lake, miguu tu ikionekana. Likizo moja nzima niliishi kati ya harufu hizo mbili, nikiwasikiliza wakibishana kuhusu meno ya gia.

Gari lenyewe halikuwa na jina wala kabila. Aabo aliliunda mwenyewe: chesi, yaani mifupa ya chini, ya gari la mnada, injini ya dizeli ya pikapu iliyopinduka, na kichwa alichokichomelea mabati mpaka kikafanana na kabati. Aliliunda kwa ajili ya biashara ya Hooyo. Maziwa yalikamuliwa alfajiri huko malishoni, ndani kabisa kwenye mchanga, na yalitakiwa kufika Nairobi yangali matamu, kwa wateja wa mama yangu mdogo. Mchangani gari lilikwenda bila manung'uniko. Likishika lami, injini ilipiga mayowe kama mtoto anayeogeshwa maji baridi, kisha ikachemka, nasi tukasimama kando ya barabara kuipoza. Maziwa yalianza kufika yamechacha. Mama mdogo akatuma salamu kwamba yakichacha tena wateja watahamia kwa mwingine, na hapo biashara imekwisha. Hooyo aliyasugua madumu yake kwa nguvu kuliko kawaida.

Aabo akamwita Mutua, fundi Mkamba mwenye gereji karibu na soko la mifugo. Kwa sababu yake mambo yote ya gari yalizungumzwa kwa Kiswahili, lugha ambayo wazazi wangu waliivaa kama viatu vya kuazima. Mutua alichuchumaa akachora maduara mawili mchangani. Difu yetu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, alieleza, ina gia ndogo ya meno tisa inayozungusha kubwa ya meno arobaini na moja, ndiyo maana injini inajichosha ili gurudumu lizunguke kidogo. Akiweka difu ambayo gia yake ndogo ina meno kumi na moja, injini itatulia barabarani.

“Wallahi hiyo ndiyo nataka,” Aabo alisema. “Gari natembea kama mtu amelala.”

Hooyo alikuwa amekaa na dumu mapajani. “Mutua, kwa mchanga hiyo difu iko na nguvu?”

“Itapungua kidogo, mama.”

“Kidogo ni ngabi?” P ya Kiswahili ilimshinda siku zote.

Mutua akacheka, akamwita Hooyo kwa jina langu. “Mama Sahra, mshika mbili moja humponyoka. Chagua lami ama mchanga.”

“Maziwa haitoki kwa lami,” Hooyo alisema, akarudi kwenye moshi wake.

Aabo alichagua lami. Asubuhi ya kwanza, malishoni, madumu yakiwa yamejaa, gari lilikataa kung'oka. Magurudumu yalijichimbia, klachi ikatoa moshi, na huo haukuwa moshi wa kufukizia kitu. Mwishowe wachungaji walifunga kamba kwa ngamia wawili wa mizigo. Kwetu, siku ya kuhama, anayetangulia na kamba ya ngamia wa mizigo ni mwanamke. Kwa hiyo Hooyo alitwaa kamba, akatangulia, nyuma yake ngamia, na nyuma ya ngamia gari la mumewe. Aabo alishika usukani akitazama mbele kwa heshima zote, kama bwana arusi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini maziwa hayakufika Nairobi siku hiyo. Tuliyagawa kwa majirani, na nilimwona Hooyo akifuta macho kwa ncha ya ushungi.

Jioni, kwa lugha yao sasa, Hooyo alimwambia kwamba alipokuwa msichana aliongoza ngamia kutoka Wajir hadi mtoni. Mchangani ngamia alikata hatua fupi, akifika ardhi ngumu alirefusha hatua bila kukimbia. “Sikuwahi kubadilisha ngamia njiani,” alisema. Aabo akaanza kucheka peke yake. Kesho yake alimwambia Mutua airudishe difu ya zamani na atafute giaboksi ya gia tano. Gia nne za kwanza zingebaki za kuvuta. Ya tano ingekuwa hatua ndefu.

Safari iliyofuata tulitoka mchangani bila msaada wa mnyama yeyote. Tulivuka daraja la Tana, tukapita kizuizi cha polisi, lami ikanyooka, na Aabo akasukuma gia ya tano. Kelele zikashuka. Ndipo nilipomsikia Hooyo akiimba wimbo wa kuongozea ngamia. Sijui kama safari zile nyingine pia alikuwa akiimba. Hakuna aliyeweza kusikia. Nairobi, mama mdogo aliyaonja maziwa, akasema “Alhamdulillahi,” akainua dumu la pili.

Aabo ametangulia mbele ya haki. Gari langu la leo hujichagulia gia lenyewe, halichemki, na halijawahi kuvutwa na ngamia. Nalipenda, ingawa hakuna aliyebishana kwa ajili yake. Nikimpeleka Hooyo Nairobi yeye hungoja hadi tuvuke daraja, kisha huuliza, “Umeingia tano?” Mwanzoni nilijaribu kumweleza kwamba gari hili halina jambo hilo. Siku hizi nasema, “Nimeingia, Hooyo,” naye huegemea kiti, akaanza kuimba.