Hodi ya Darini

Siku niliyorudi Mji Mkongwe nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa mtaani kwetu halifanyi. Nilipanda ngazi mbio mpaka darini bila kupiga hodi.

Shangazi yangu, aliyenilea katika nyumba ile, alikuwa juu anakausha nywele kwa jua. Kwenye madari ya jirani wanawake wawili walivuta kanga zao vichwani upesi.

"Adabu umeiacha Maskati, au imekudondoka njiani?" alinifokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu shuka, upande tena kama mtu."

Nikashuka. Nikasimama kwenye kipandio cha mwisho, nikaita, "Hodi darini!" Sauti zikanijibu kutoka dari hili na lile: subiri, subiri kidogo, haya pita.

Nimekaa Tanga, Mtwara, kisha Maskati, na kila nilipofika nilianza kufikiria pengine. Lakini popote nilipokuwa, nilikikumbuka kipandio kile: harufu ya udi na nguo mbichi, na wanawake huko juu wakijiweka sawa huku wakinicheka.

Jioni ile shangazi alinionyesha kwa kidevu ghala bovu lililo nyuma ya nyumba yetu.

"Wanataka kuweka hoteli hapo. Ghorofa kumi na mbili."

Nyumba yetu ina tatu, na hakuna jirani anayetupita.

"Kuna mkutano skuli. Mie magoti haya yananifikisha darini tu. Nenda wewe, uniulizie: huko juu, nani atapiga hodi?"

Mkutanoni wanaume walizungumzia maji, mitaro, na kuta zinazopasuka kila likipita gari la mchanga. Mzee mmoja alisimama akasema, "Kwani Fumba kumejaa? Kajengeni huko. Hapa tushabanana, tunapumuliana puani." Watu wakacheka. Ikafika zamu yangu, nikauliza swali la shangazi.

Bwana aliyeleta michoro alitabasamu. Alisema madirisha yatakuwa ya vioo vyeusi, kwa hiyo mtu wa nje hatawaona wageni.

"We baba!" jirani yetu, mwanamke wa dari la kushoto, aliita kutoka nyuma. "Kwani wageni ndio wanaokaa kichwa wazi? Hicho kioo unamfichia nani, mgeni au mie?"

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Yule bwana naye alicheka, akakunja michoro yake, akasema wataitazama upya. Hakusema watapunguza. Tukaondoka hivyo.

Nilimsimulia shangazi yote, na lile neno la jirani juu ya kioo nikalirudia mara mbili. Hakucheka.

Baada ya hapo, asubuhi moja, nilisimama kwenye kipandio changu nikapiga hodi. Majirani waliitikia. Kwetu kimya. Kisha sauti yake ikatoka chini, jikoni.

"Unampigia nani hodi? Mie niko huku."

Nilishuka. Mkeka wake wa darini ulikuwa umekunjwa nyuma ya mlango, na nywele zake mbichi zilikuwa zimelowesha mabega.

"Mbona hupandi, shangazi?"

"Nnajizoesha."

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Nikamwambia, "Mimi nimejizoesha kukaa bila ya dari hili miaka yote niliyokuwa nje. Halizoeleki."

Aliinuka. Akachukua kitana chake.

Nilibeba mkeka, naye akashika bega langu, tukapanda polepole, tukipumzika kila ngazi inapokata kona. Kwenye kipandio cha mwisho nilimpa mkeka akatoka peke yake. Nikasikia majirani wakimlaki kwa kelele: ulikuwa wapi, we Bi? Tulishadhani umehama!

"Hodi darini!" niliita.

"Ngoja!" shangazi alijibu.

"Mwache angoje," jirani akadakia, "akome kukimbia ngazi."

Ghala lile bado limesimama, na mpaka leo hakuna aliyekuja kutuambia lolote.

"Haya, pita," shangazi aliniita.

Sikupita mara moja. Niliegemea ukuta palepale, nikawasikiliza wakizungumza.