Badriya, Msaka Ukoo wa Kirusi cha Kuku

Saa moja asubuhi, Bidiya, Omani. Badriya amechuchumaa bandani, kuku kambana kwapani, kijiti cha pamba kinaingia kooni. Kuku anapiga kelele utadhani anachinjwa.

"Basi, bibi, tumeshamaliza," anambembeleza, huku akikifunga kijiti kwenye kichupa.

Badriya, mtoto wa wazazi waliotoka Unguja, ni fundi wa maabara ya mifugo huko Ibra. Anatafuta asili ya kirusi kipya kinachovimbisha kuku nyuso na kuwakatisha kutaga. Leo amekuja kupima tena, na majibu ya mwanzo anayo.

Mwenye banda, Mzee Khelef, amesimama mlangoni, uso umemshuka. Hapa mtaani maradhi yalionekana kwake kwanza, na tangu hapo majirani wamempa kisogo. Hata kahawa haitwi.

"Ati mie ndiye niliyewaletea balaa," anasema. "Uzee huu, mwanangu, sijapata kusemwa hivi."

Badriya anamweleza taratibu. Kirusi kila kinapozaliana hukosea kunakili herufi zake za urithi, na makosa hayo hurithiwa. Cha Khelef kina makosa yote ya kile kilichopatikana kwa kuku wa mji wa Nizwa, na mapya juu yake.

"Huyu wako mjukuu, ammi. Bibi yake yuko Nizwa, khalas, yamekwisha."

Lakini kafikaje? Hilo mashine ya maabara haiwezi kulionyesha. Badriya, mama aliyewahi kulala arobaini ya uzazi na kunyweshwa supu ya kuku, anauliza: "Nani kazaa humu ndani?"

Kumbe Ghadeer, mke wa mtoto wa Khelef, alijifungua majuzi. Jamaa zake wa Nizwa walikuja na kuku hai wa supu ya mzazi, wazima kwa macho. Waliobaki wakatiwa banda moja na wa mzee.

Adhuhuri majirani wanaitwa, wanaelezwa kuwa kirusi kilikuja na zawadi ya Nizwa, si kosa la mzee. Muatasim, wa ukuta mmoja na Khelef, anainamisha kichwa. "Tusamehe, mzee wetu." Khelef anamsogezea halua, machozi yanamlengalenga. Mwandishi wa makala haya naye yalimlenga, hafichi.

Sasa Badriya anajiandaa kwenda Nizwa kumtafuta mama wa huyo kirusi bibi. Kwake nako kuna kazi: bintiye Wasan ana mimba, na shangazi zake wameshaanza kunenepesha kuku.

"Nimewaambia, kuku wenu watakaa banda la peke yao. Wamenuna, wananiona najidai. Wanune tu! Mwanangu atakunywa supu yake, na hapana mtu atakayekimbiwa na jirani kwa zawadi yetu."