Mla Maharage wa Mbele ya Bucha Langu

Kabla sijakupa habari za Bishay mpiga pasi, umjue kwanza anayekusimulia. Mimi ni Nashed. Bucha langu lipo Shubra, kona ya pili ukitoka kanisani, na Kairo nzima sijaona mkono unaofungua paja la ng'ombe kama huu wangu. Shule niliachia darasa la nne, baada ya kulirudia mpaka likanichoka lenyewe. Kisu lakini nimekisoma nikakimaliza. Sasa mtu wa namna hiyo unadhani atamwonea nani kijicho? Sonara? Daktari? Mimi kijiba changu cha roho ni cha mtu anayekula maharage.

Bishay nimekua naye nyumba moja, ngazi moja. Baba yake alimwachia pasi ya mguu, lile chuma zito lenye mpini mrefu linalosukumwa kwa unyayo, na mpaka leo ndilo linalonyoosha kanzu za mtaa wetu. Hujaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya nguo yakatua kama umande. Wateja wanasema kanzu alizopiga Bishay hazina harufu kwa sababu mdomo ule haujapitiwa na mafuta ya mnyama miaka thelathini na moja. Hayo wanayasemea mbele ya bucha langu, tena wameegemea mlango wangu.

Hakuzaliwa hivyo, usije ukadanganywa. Utotoni tuligombania mifupa kama paka. Sisi Wakristo wa Misri tunafunga sana, na ule mfungo mkubwa ni siku hamsini na tano bila nyama, bila maziwa, bila yai. Ikiingia Pasaka, kila mtu anairudia nyama kama askari aliyepewa likizo. Mwaka mmoja mama yake alimwandalia bata mzima. Bishay akamtazama yule bata, akasema, "Bado kidogo." Hiyo bado kidogo yake haijaisha mpaka leo. Padri alimwita akamwuliza kama ameweka nadhiri.

"Hapana, Baba," alijibu. "Nilisahau tu kurudi."

Mtu anasahauje nyama? Mimi jina la mwalimu wangu wa darasa la nne nimelisahau, ila sijawahi kusahau ini la kukaanga.

Hayo ningeyavumilia. Kinachonila ni anavyokula. Ng'ambo ya bucha langu limesimama toroli la Haji Metwalli, Mwislamu wa Fayyum, mwenye jungu la shingo nyembamba ambalo maharage yake ya ful huchemkia taratibu tangu jana yake. Saa nne asubuhi Bishay anaacha pasi, ananawa, anakaa kwenye kiti kilekile. Haji anamchotea kwa upawa wa mkono mrefu, anaponda, anatia bizari nyembamba, ndimu, ufuta uliosagwa na mafuta ya kitani. Pembeni zinakuja taamia, bajia zetu za maharage, zimetoka mafutani sasa hivi, nje kahawia, ndani kijani kama shamba. Bishay anakipiga kitunguu ngumi moja kikapasuka. Anamega mkate, anaukunja kama kijiko, anachota. Halafu anafumba macho.

Hapo ndipo roho yangu inapouma. Akifumba macho yule bwana, mtaa unanyamaza. Dereva wa teksi anazima injini. Mteja wangu aliyekuja kununua kilo mbili za mbavu ananiambia, "Nashed, nakuja," anavuka barabara, na harudi. Alhamisi anahamia kwenye koshari, na hata pale anavyochanganya ule wali na dengu na makaroni, akimiminia siki na vitunguu vilivyokauka kwa kukaangwa, utadhani anaandika barua kwa mpenzi wake. Miaka arobaini nimekata nyama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifumbia macho.

Mke wangu Demiana naye hakunisaidia. Alisimama mlangoni siku moja, mikono kiunoni.

"Mtazame shemeji anavyokula. Anakula kwa adabu, mpaka mtu unatamani. Wewe unakula kama unapakia lori."

"Anakula maharage, Demiana. Chakula cha punda."

"Basi punda amekuzidi."

Nilinoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa.

Siku yenyewe ilikuwa wiki ya tatu baada ya Pasaka, katika zile siku hamsini ambazo kanisa linakataza kufunga. Hata padri anakula nyama. Bishay yupo na ful yake. Nyuma ya bucha nilikuwa nimebandika mkia wa ng'ombe tangu alfajiri kwa hiliki na masitaka, ule utomvu wa mti unaonukia, na supu yake ilikuwa imetulia, ina rangi ya dhahabu. Haji akaniita kutoka ng'ambo: mleta mkate amechelewa, anakwenda mwenyewe kwenye tanuri.

"Nashed, niangalizie jungu. Usilile lote."

"Nenda, Haji. Mimi na maharage yako hatusalimiani."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa watu wananisingizia. Sikutaka kumdhuru Bishay. Nilitaka kitu kimoja tu: afumbe macho kwa kitu kilichotoka mkononi mwangu, hata mara moja. Nilisema moyoni, atakula, atafumba macho kuliko siku zote, nami nitamwambia, "Rafiki yangu, hiyo ni supu yangu." Basi nikavuka na bakuli mbili za supu, nikazimimina kwenye shingo ya jungu, nikakoroga. Haji aliporudi na mikate kichwani, mimi nilikuwa dukani nikipangusa mizani.

Wa kwanza kula alikuwa Sabri, dereva wa teksi, mtu anayekula hata kilichoanguka. Alitafuna, akaacha kutafuna.

"Haji, leo ful yako ina nini? Inalala ulimini haitaki kuamka."

"Ulimi wako ndio umelala," Haji alimjibu.

"Naapa, ni kama maji ya kuoshea sufuria ya harusi."

Mwenziwe akaonja, naye akausukuma mkate pembeni. Supu ya mkia, mwanangu. Mkia wangu mwenyewe, wanaufananisha na maji ya kuoshea sufuria. Nilitaka kutoka nikawapige, ila ningetokaje?

Ndipo Bishay akaja, akakaa. Alipiga kitunguu, akamega mkate, akachota, akauleta mpaka puani. Ukaishia hapo. Aliuweka mkate sahanini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Haji," alisema kwa sauti ndogo, "leo sili."

Angeondoka hivyohivyo, maana si mtu wa kelele. Lakini pembeni yake alikuwa amesimama Umm Angil, mama mmoja wa kanisani anayenunua ful ya nyumba nzima kwa ndoo. Akainama juu ya sahani, akanusa. Akasema, "Hii ni nyama." Akamgeukia Haji. "Mfungo wote ule, siku hamsini na tano, nimewalisha watoto wangu kutoka jungu hili. Tulikuwa tunakula nini, Haji?"

Haji Metwalli alitokwa na rangi. Miaka ishirini na mbili anauza ful mtaani kwetu, na Wakristo wakifunga hawamwendei mwingine kwa sababu wanajua sufuria yake ya taamia haijawahi kuona hata yai.

"Wallahi, mama, sijawahi. Mwenyezi Mungu ananiona."

"Mungu anakuona, sawa," Sabri akadakia. "Sisi ndio tumechelewa kukuona."

Watu walianza kurudisha sahani. Mmoja aliyaacha maharage yake juu ya toroli bila kusema neno, na hilo lilimuuma Haji kuliko matusi. Nikamwona anakamata upawa kwa mikono miwili kama fimbo ya kipofu. Mimi niko dukani, nimeshika kisu, sikati kitu.

Na hapa nikuambie siri ya mwili wangu. Uongo najua kuusema kwa mdomo, lakini masikio yangu hayajasomea. Nilipoiba penseli ya Bishay darasa la tatu yaliwaka mekundu, na yeye peke yake ndiye aliyejua maana yake. Sasa alinyanyua macho akaniangalia ng'ambo ya barabara. Hakuniangalia usoni. Aliniangalia masikio.

Angeweza kuninyooshea kidole. Hakufanya. Alikaa akaningojea, kama alivyoingojea ile penseli.

Nikavuka barabara na aproni yangu ya damu.

"Haji hana kosa," nilisema. "Supu ni yangu. Ya mkia, tena nzuri, hamjui kula tu."

Umm Angil aliniuliza lini.

"Leo. Alipokwenda kuleta mkate. Mfungo wenu uko salama, mama, usimfukuzie mtu riziki."

"Na kwa nini?"

Nikamwonyesha Bishay kwa kidevu. "Kwa sababu huyu hajawahi kula kwangu."

Sabri alicheka mpaka akaegemea teksi. "Kumbe bucha lina wivu na kunde." Nimemwachia hilo, siku yake itafika. Haji hakucheka. Alilimwaga jungu zima mbele yangu, shimoni, na alipomaliza akasema atachukua ule mkia uliobaki nyuma ya bucha, na paja juu yake. Nikampa. Ndipo nikamgeukia Bishay nimwombe radhi.

"Usiniombe kwa mdomo," alisema. "Mdomo wako naujua. Kesho njoo uniponde ful kwa mkono wako. Unawe kwanza, mpaka kwenye kiwiko."

Kesho yake nilinawa kwa sabuni na majivu, na Demiana akaninusa mikono kama anayenunua samaki. Haji akanichotea maharage, akajitenga kidogo, akawa anahudumia wengine. Nikaponda. Mkono uliozoea mifupa ukiponda ful, ful inalainika kama siagi, sioni kwa nini nifiche. Nikatia bizari, nikakamua ndimu mbili. Nikamwekea.

Bishay akamega, akachota. Akafumba macho. Akayafumba kwa muda mrefu, nakuapia, muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona nikiwa mlangoni kwangu. Mtaa ukanyamaza. Sabri akaja mbio na mkate wake, akachovya kwenye sahani hiyohiyo bila kuombwa, akatingisha kichwa.

"Haji," alisema, "leo umejipita. Mkono wako umerudi."

"Alhamdulillahi," Haji akajibu, wala hakugeuka.

Nikafungua mdomo. Bishay alikuwa amefumbua jicho moja, ananitazama masikio. Nikaufunga.