Mwaka Tulipomwamsha Mgeni

Mzabibu wa Bujumbura haulali wenyewe. Kwenye nchi za baridi, baba alizoea kuniambia, majani huanguka bila kuombwa na mti hupumzika mpaka baridi ipite. Kwetu jua halina huruma hiyo. Ukiuacha, mzabibu utachipua mwaka mzima, utazaa kidogo leo na kidogo kesho, mpaka uchoke na kufa ungali kijana. Ndiyo maana kila mwezi wa sita, mvua ikishakata, tulikuwa tunaulaza kwa mikono yetu. Tunaunyima maji, kisha tunachuma majani yote, moja moja, hadi mti unabaki mifupa mitupu.

Baba aliifanya kazi hiyo taratibu, kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyesinzia. Mimi, binti yake wa pekee, nilivuta majani kwa pupa na kila mwaka nilikaripiwa. Chini ya kila jani kuna jicho, alisema, na jicho hilo ndilo tawi la mwakani. Ukiling'oa pamoja na jani, umeng'oa mavuno. Nilimjibu kwamba macho ni mengi. Hakucheka.

Shamba letu naliita shamba kwa heshima tu. Ni matuta sita kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Gihosha. Ujanani baba alikuwa mtunza bustani kwenye misheni moja huko milimani, ambako mapadri wazee walilima zabibu za divai ya misa. Mizabibu ilipong'olewa ili kahawa ipandwe, yeye alishuka mjini na vipande vya matawi vimeviringishwa kwenye gunia bichi. Hakuna aliyejua majina yake, na mpaka leo sijaona zabibu kama hizo kwingine. Tukazipa majina ya kwetu. Wino alikuwa mweusi, maji yake hayatoki kwenye nguo hata ufue vipi. Mvivu alitoa vishada vitatu kwa mwaka na kujiona amefanya kazi. Na Mgeni, ambaye alitambaa juu ya chanja la mianzi mbele ya dirisha la wazazi wangu, alikuwa mweupe, ngozi nene, harufu ya mapera yaliyoiva. Wajuzi wa divai waliotutembelea walikuwa wakionja divai ya Mgeni, halafu wanasogeza glasi tena.

Dawa ya dukani haikukanyaga pale. Tulikuwa na samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, bata wa kula konokono, na maziwa yaliyozimuliwa ya kunyunyizia majani ukungu ukianza. Kingo za matuta zilishikwa na nyasi ndefu, maana mvua ya Gihosha ikikasirika huondoka na udongo na ukuta wa mtu. Divai yetu ilitosha parokia moja na harusi chache, basi.

Mama hakuwahi kuionja. Yeye ni wa mtaa wa Buyenzi, Mwislamu wa kuzaliwa, na ndoa yao ilizusha maneno pande zote mbili mpaka wasemaji wakachoka. Alichopenda yeye ni kivuli. Alikuwa akikaa chini ya Mgeni akichagua mchele, mwanga wa kijani umemwagika kwenye ungo na mikononi mwake, na ukimsemesha wakati huo hukujibiwa. Mwezi wa sita aliuchukia. Tulipoanza kuchuma majani alifunga kanga zake akaenda kwa dada zake Buyenzi hadi tumalize, akisema hawezi kutazama kiumbe kikinyimwa maji.

Mwaka ninaousimulia, baba alikuwa amekonda tangu mavuno. Mwezi wa tano daktari alituita mama nami pembeni. Ugonjwa umeshaenea kwenye ini, alisema, hakuna cha kukata wala cha kutibu, na tusitegemee kuwa naye mvua zikirudi. Kabla hatujafika kwenye gari mama alikuwa ameshaamua kwamba baba asiambiwe. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu kumficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Basi nililaza mizabibu peke yangu, baba akiniamrisha kutoka kitandani, dirisha wazi. Mama, kwa mara ya kwanza, hakwenda Buyenzi.

Kiangazi kile sikikumbuki kwa siku. Nakikumbuka kama siku moja ndefu isiyo na kingo. Vumbi na moshi wa milimani vilifunika ziwa, milima ya Kongo ikapotea, na kutoka kwenye matuta yetu ulikuwa huoni mahali maji yanapoishia na mbingu inapoanzia. Bata walitembea bila sauti. Baba alilala, akaamka, akauliza kama mvua imeanza, akalala tena. Nami nilirudi kutoka ofisini saa tisa, nikakaa karibu naye, na mara nyingine usingizi wake uliniambukiza nikaota nikiwa macho. Niliona matawi makavu ya Mgeni yakipumua.

Alipokuwa macho alipanga. Mwezi wa tisa tutapogoa. Mwezi wa kwanza, mvua ikitulia kidogo, tutavuna. Wino aongezewe majivu. Aliuongelea mwezi wa kwanza kama mtu anayeongelea mgeni aliyekwisha kupiga simu kwamba yuko njiani. Nilijibu ndiyo, baba, ndiyo, kisha nilitoka kwenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Katikati ya mwezi wa saba niligundua udongo chini ya Mgeni umelowa. Nikadhani bomba linavuja. Nilimwita fundi, akachimba, akakuta pakavu, akanicheka. Kesho yake palikuwa pameloa tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilirudi mapema kutoka kazini nikiwa nimeshamhukumu jirani. Nilimkuta mama ameinama na ndoo ya maji aliyooshea mchele, anamimina polepole kwenye shina ili yasitoe sauti.

Nilimwambia maneno makali kwa sauti ya chini. Mzabibu ukiamshwa sasa, zabibu zitaiva mwezi wa kumi na moja, kwenye mvua kubwa, na zitaoza zote. Mama hakubishana.

"Mi najua zitaoza," alisema. "Lakini mvua itamukuta baba yako wapi? Nataka aone majani. Mara moja tu."

Niliona aibu. Nilimpokea ndoo nikaenda kujaza nyingine. Tukakubaliana kwamba baba akiuliza, tutasema bomba la jirani lilipasuka.

Wiki mbili baadaye macho ya Mgeni yalifumbuka. Kwanza vinundu vya rangi ya waridi vyenye manyoya, kisha vijani vidogo vilivyokunjamana, na alasiri moja jua likapita katikati yake likaweka doa la kijani ukutani, juu ya kitanda. Baba aliamka akalitazama doa. Kisha akageuza kichwa dirishani, akatazama muda mrefu. Mama alikuwa anamrekebishia mto, anatabasamu, anangoja afurahi.

"Nani amemuamusha?" baba aliuliza.

Nilianza habari ya bomba. Mama alinishika mkono ninyamaze.

"Mutu anayengoja mvua hamuamushi Mgeni mwezi wa saba," baba alisema. "Dokteri aliwaambia mi sitafika, si ndiyo?"

"Ndiyo," mama alisema.

Tungeweza kumdanganya daktari, mapadri na ukoo mzima, lakini si mtu aliyesoma miti hiyo tangu ujana wake. Alituambia tutoke. Mpaka adhuhuri ya kesho yake hakutaka uji wala salamu. Alipotuita tena hakupaza sauti. Alisema tumemwibia miezi miwili: amekaa pale akipanga majivu ya Wino wakati ana watu wa kuongea nao. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu ni kweli.

Kisha alinituma mtaa wa Musaga nikamwite mdogo wake, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu nikiwa shule ya msingi, kwa ugomvi wa kiwanja ambacho kilishauzwa. Baba mdogo alikuja siku hiyo hiyo, akiwa bado na nguo za kazi. Tulimtoa baba nje, tukamlaza kwenye mkeka chini ya chanja, na wawili hao walikaa hadi jua linatua, vivuli vya majani vikiwatembea usoni. Sijui walisema nini. Niliwaona wakifuta macho, nikawasikia wakicheka, na bata mmoja alilala kati yao.

Baba alikufa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kabla ya tone la kwanza.

Mwezi wa kumi na moja mvua iliozesha vishada vyote vya Mgeni, kama nilivyosema. Nilikuwa navikata na kuvitupa kwenye shimo la mbolea mama aliposimama mlangoni akaniomba msamaha kwa ajili ya mavuno. Nikamwambia ukweli. Kama uamuzi ungekuwa wangu, zabibu zingepona, na baba mdogo angefika kwetu kumsalimia kaka aliyekwisha kulazwa ndani ya jeneza.